Shati Halikuwa la Bluu

Mimi ni mhasibu. Nimekaa na tarakimu miaka kumi na sita, na wenzangu ofisini hunitania kwamba naweza kukutajia salio la mwezi wa tatu mwaka juzi bila kufungua kompyuta. Sasa siku ile askari wa zamu aliponiuliza, "Mtoto ana urefu gani?" nilinyoosha kiganja nikakiweka usawa wa kiuno changu. "Hivi," nikasema. Akaandika.

Miaka miwili nimelinyamazia jambo hili. Kwanza liliisha salama, na yaliyoisha salama watu hawataki kuyasikia zaidi ya mara moja. Pili ni aibu, na nitaieleza.

Tulikuwa kituo cha mabasi, saa nne na dakika kumi asubuhi, mimi na wanangu watatu, safarini. Kitindamimba alikuwa na miaka saba. Basi lilipopiga honi watu wakaanza kusukumana, nami nikafanya ninachokifanya siku zote: nikahesabu. Mabegi manne, sawa. Tiketi nne, sawa. Watoto wawili.

Ndiyo, nilihesabu mizigo kabla ya watoto. Mume wangu hajawahi kunisema kwa hilo, na ningependa angenisema, yaishe.

Kuna kitu hakuna aliyewahi kuniambia: dakika za mwanzo unamtafuta mtoto kimyakimya. Huiti kwa sauti. Unatembea haraka lakini hukimbii, unachungulia nyuma ya mabasi na uso umeukunjua kidogo, kama mtu aliyesahau mwavuli. Ukipiga kelele umeshautangazia umma kwamba wewe ni mama aliyepoteza mtoto, na moyoni bado unaamini atatokea sasa hivi ameshika chupa ya maji. Baadaye, kwa kuangalia simu nilizopiga na saa zake, nilipiga hesabu: dakika kumi na tisa zilipita tangu nilipogundua hayupo hadi nilipomwambia mtu yeyote mwenye mamlaka, naye alikuwa mlinzi wa geti.

Nilikuja kusoma kuhusu utafiti uliofanywa na ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Washington, Marekani, uliochambua mamia ya kesi za watoto waliotekwa wakauawa. Kesi za namna hiyo ni chache sana ukizilinganisha na watoto wote wanaopotea, na mtu asizisome usiku kama nilivyofanya mimi. Lakini mambo mawili yalinikaa. La kwanza, takribani robo tatu ya watoto hao walikuwa wameshauawa ndani ya saa tatu tangu kutekwa. La pili, mara nyingi saa mbili au zaidi zilikuwa zimepita kabla polisi hawajaambiwa. Wazazi wale nao walikuwa wanatafuta kimyakimya. Nikafunga kompyuta, nikaenda kumwangalia mtoto amelala.

Turudi kituoni. Mlinzi alinielekeza kituo cha polisi kilichokuwa jirani. Sitakitaja. Askari aliyekuwa kaunta hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka ambaye ameona watoto wengi wakipotea na wakipatikana. Aliniuliza maswali matatu, akaandika, kisha akaniambia kwa upole kabisa: "Watoto hurudi, mama. Kama mpaka kesho saa hizi hajaonekana, njoo tufungue jalada."

Mpaka kesho saa hizi!

Nilikuwa nimeshasikia habari ya saa 24, kama mnavyoisikia nyote. Nilidhani ni sheria. Nikageuka kweli, nikaelekea mlangoni. Hiyo ndiyo aibu ya pili: niliambiwa nirudi kesho kuja kutafutiwa mwanangu, nami nikasema "asante, afande".

Kwa hiyo ngoja niliseme hapa kwa yeyote atakayelisoma akiwa katika dakika zake kumi na tisa. Usiukubali huo muda wa kusubiri. Marekani walitunga sheria mahususi mwaka 1990 ya kupiga marufuku vyombo vya dola kuweka muda wa kusubiri kabla ya kupokea taarifa ya mtoto aliyepotea, na mwaka 2006 wakaongeza kwamba taarifa zake ziingizwe kwenye mfumo wa taifa ndani ya saa mbili. India, Mahakama ya Juu iliamuru mwezi Mei 2013 kwamba polisi wafungue jalada kwa kila mtoto anayeripotiwa kupotea, na kwamba jambo la kwanza kudhaniwa liwe ametekwa au amesafirishwa kiharamu, mpaka uchunguzi uonyeshe vinginevyo. Ukilitazama vizuri agizo hilo utaona limeligeuza neno la yule askari wangu juu chini. Yeye alianza na "watoto hurudi". Mahakama imesema: anza na lile baya zaidi, ukikosea hakuna aliyeumia.

Aliyenirudisha kutoka mlangoni ni askari wa kike aliyekuwa anatoka zamu. Begi lilikuwa begani, viatu vya kiraia vimeshavaliwa. Alisikia neno "miaka saba", akaniita, "Dada, njoo." Akaweka begi chini. Hakubishana na mwenzake. Alivuta kiti tu, akafungua ukurasa mpya.

Maswali yake yalikuwa tofauti. Alivaa nini, kuanzia juu kwenda chini. Viatu vina rangi gani, vya kamba au vya kubandika. Ana kovu wapi. Anaogopa nini. Akiitwa na mtu asiyemjua, huwa anakwenda au anakimbia? Anajua namba yako ya simu? Anajua jina lako, siyo "Mama", jina lako?

Kovu nililijua: chini ya kidevu, alianguka akiwa na miaka mitatu. Viatu nilivijua. Shati nikasema la bluu, bila kusita, kwa sababu asubuhi nilikuwa nimelitoa mwenyewe nikaliweka kitandani. Namba ya simu hakuijua. Alijua nyimbo zote za vibonzo vya televisheni, kwa lugha asiyoielewa, lakini namba ya mama yake hakuijua.

Kisha akaomba picha.

Simu yangu ina picha zaidi ya elfu tatu. Nikaanza kupekua, vidole vinatetemeka. Ulimi nje. Macho yamefumbwa. Miwani ya jua ya baba yake. Masikio ya sungura yaliyopachikwa na programu. Mgongo, anakimbia. Nusu uso, nusu keki. Picha moja tu alikuwa ametazama kamera sawasawa: alikuwa na miaka mitano, ana joho la kuhitimu chekechea, meno yote ya mbele yapo. Na wakati ule alikuwa kibogoyo, meno mawili ya juu yametoka wiki iliyotangulia. "Hii inatosha?" nikauliza. Yule dada akaitazama. "Itabidi itoshe," akasema.

Nilikumbuka hilo nilipoanza kusoma historia ya mambo haya, maana kesi iliyoibadilisha Marekani ilianza na picha nzuri. Etan Patz, miaka sita, alitoweka New York tarehe 25 Mei 1979, siku ya kwanza aliyoruhusiwa kutembea peke yake kwenda kituo cha basi la shule. Baba yake alikuwa mpiga picha kwa kazi, kwa hiyo zilikuwepo picha safi za mtoto, anacheka, anatazama mbele, na zikasambaa mji mzima na nje yake. Miaka michache baadaye nyuso za watoto waliopotea zikaanza kuchapishwa kwenye maboksi ya maziwa, na uso wake ukawa miongoni mwao. Mwaka 1983 Rais Reagan aliitangaza tarehe 25 Mei kuwa siku ya watoto waliopotea, na sasa nchi nyingi zinaiadhimisha. Etan mwenyewe hakupatikana. Nayaweka haya mawili pamoja kwa makusudi, kwa sababu mtu anaweza kusoma ushauri wangu kuhusu picha akadhani picha ni hirizi.

Mwingine ni Adam Walsh, naye miaka sita, aliyechukuliwa dukani huko Florida mwezi Julai 1981 na baadaye kukutwa ameuawa. Wazazi wake walipopiga hodi serikalini, walikuta nchi yenye kompyuta kuu ya polisi iliyokuwa hodari wa kufuatilia magari yaliyoibwa, lakini taarifa za watoto hazikupewa uzito huo. Walisumbua. Sina neno jingine la heshima zaidi: walisumbua. Mwaka 1982 ikapitishwa sheria iliyoelekeza taarifa za watoto waliopotea ziingizwe kwenye mfumo wa FBI, shirika la upelelezi la nchi hiyo, na kumpa mzazi haki ya kuuliza kama mwanawe ameshaingizwa. Mwaka 1984 kikafunguliwa kituo cha taifa cha watoto waliopotea na wanaodhulumiwa, na wazazi hao walikuwa miongoni mwa waanzilishi wake.

Na Amber. Amber Hagerman alikuwa na miaka tisa, anaendesha baiskeli huko Arlington, Texas, tarehe 13 Januari 1996. Kuna aliyeona akivutwa ndani ya gari akapiga simu polisi. Siku nne baadaye mwili wake ukapatikana. Muuaji hajakamatwa mpaka leo. Kilichozuka baadaye kilikuwa swali la mtu wa kawaida aliyewasiliana na kituo cha redio: kama mnaweza kukatiza vipindi kututangazia dhoruba, mbona hamwezi kukatiza kututangazia mtoto? Huo ndio mwanzo wa tahadhari inayobeba jina lake. Mwaka 2003 serikali kuu iliiwekea mratibu wa taifa, na tangu 2013 huko inalia moja kwa moja kwenye simu za watu walio eneo husika. Zaidi ya watoto 1,000 wameokolewa.

Nilipofika hapo nilijiuliza: kwa nini basi simu za kituo kizima hazikulia siku ile kwa ajili ya mwanangu? Na jibu, hata kama tungekuwa na mfumo kama huo, ni kwamba zisingelia. Vigezo vya tahadhari ya AMBER ni vikali: polisi waamini kwamba mtoto ametekwa, waamini yuko katika hatari ya kuumizwa vibaya au kuuawa, awe na miaka 17 kushuka chini, taarifa zake ziwe zimeingizwa kwenye mfumo, na pawepo na maelezo ya kutosha ya mtoto, au mtekaji, au gari, ya kumwezesha mwananchi kutambua kitu. Wa kwangu hakuna aliyemwona akichukuliwa. Na maelezo yenyewe mnayajua: "hivi", na picha ya joho.

Mwanzoni ukali huo uliniudhi. Siku hizi nauunga mkono, ingawa kwa shingo upande. Simu ikilia kila mtoto anapochelewa kurudi, watu watazima mlio ndani ya wiki mbili, na siku ya Amber mwingine hakuna atakayenyanyua kichwa. Wachina wana njia nyingine; tangu 2016 mfumo wao wa kuunganisha watoto na familia husukuma taarifa kwa watu walio ndani ya duara linalokua na saa: kilomita 100 saa ya kwanza, 200 saa ya pili, 300 ya tatu, kisha 500. Kama mtu wa hesabu nauelewa uzuri wake. Mtoto anasogea, na duara linasogea naye.

Ila mifumo yote hiyo inaanzia kaunta. Duara haliwezi kukua kama hakuna aliyeweka nukta ya katikati. Ndiyo maana sina hamu sana na hotuba kuhusu teknolojia mpya ya usalama. Nataka kujua nani amekaa kaunta asubuhi ile, na amefundishwa kuuliza nini.

Sasa shati. Yule dada alikuwa ameshapiga simu kwa walinzi wa mageti yote na kwa kiongozi wa makondakta, ambao wana kundi lao la ujumbe kwenye simu: mtoto wa kiume, miaka saba, shati la bluu, kovu kidevuni. Ilikuwa saa tano na nusu. Binti yangu mkubwa, aliyekuwa amekaa kwenye benchi tangu tufike bila kutoa neno, akasema kwa sauti ndogo sana: "Mama, alilimwagia maziwa lile. Nilimvisha la kijani."

Kwa muda wote huo watu wema walikuwa wanawapita watoto wenye mashati ya kijani.

Alisema sikumuuliza. Na ni kweli, sikumuuliza. Watu wazima tulikuwa tunazungumza juu ya kichwa chake, na yeye ndiye aliyemvisha, ndiye aliyekaa naye kiti kimoja, ndiye aliyemwona wa mwisho. Yule dada alipiga simu upya zote, moja baada ya nyingine, bila kunitazama, na nilishukuru kwamba hakunitazama.

Alipatikana saa tisa kasoro robo. Hakuwa ametekwa. Alimfuata mwanamke mwenye gauni linalofanana na langu, akapanda basi lake, akakaa, akasinzia. Kondakta alidhani ni mtoto wa abiria wa mbele, abiria wa mbele akadhani ni wa nyuma. Mwisho wa safari watu wote wakashuka, akabaki yeye. Kondakta alimuuliza jina la mama yake, akajibu, "Mama." Kisha akatazama simu yake, akaona ujumbe wa pili, wa kijani, akainua kidevu cha mtoto kwa kidole kimoja.

Simjui kondakta yule kwa jina. Nilimpa fedha akakataa, nikampa tena akakubali.

Hapo ndipo kila mtu anapodhani habari imeisha, na kwa upande wa polisi iliisha. Mtoto amepatikana, mstari umepigwa. Nyumbani ndiyo kwanza ilianza. Alilowesha kitanda miezi miwili. Alikataa kufungiwa mlango wa choo. Akawa ananishika nguo kwa ngumi, siyo mkono wangu, nguo, kama mtu aliyekwisha kudanganywa na gauni mara moja na hataki tena. Binti yangu mkubwa aliacha kumvisha. Kila asubuhi alinitandikia nguo za mdogo wake kitandani, akasimama mlangoni kuhakikisha nimeziona.

Nilikwenda kuuliza kama kuna mtu wa kuzungumza nao. Nikaulizwa kama alidhuriwa. Nikasema hapana. Basi, nikaambiwa, tumshukuru Mungu.

Tunamshukuru. Lakini Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao karibu kila serikali duniani imeuridhia, una ibara mbili zinazokaa karibu: ya 35 inazitaka nchi zizuie watoto kutekwa, kuuzwa na kusafirishwa, na ya 39 inazitaka zimsaidie mtoto aliyedhulumiwa apone mwilini na kiakili na arudi katika maisha ya jamii. Ya 35 ina ving'ora na magari. Ya 39 ina mtu mmoja, chumba, viti viwili na muda. Sijui kwa nini ndiyo inayokosa fedha. Kusema kweli najua: haipigwi picha.

Najua wa kwangu hakuwa mhanga wa uhalifu, na sitaki kujifanya. Ila kupitia yeye nilianza kumsikiliza mwenzangu mmoja kazini ambaye kwa miaka nilidhani anapenda kulalamika. Alivamiwa nyumbani usiku, akakatwa mkono. Mshtakiwa alikamatwa upesi, nao polisi walisifiwa. Kisha kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa, akahudhuria mara kumi na moja, kila mara akiomba ruhusa kazini na kukatwa siku yake, akikaa kwenye ukumbi mmoja na ndugu wa mshtakiwa waliokuwa wanamkodolea macho. "Nilidhani ni kesi yangu," aliniambia. "Kumbe mimi ni shahidi namba moja." Na ndivyo ilivyo katika mifumo mingi: kosa ni dhidi ya dola, dola ndiyo inayoshtaki, na aliyekatwa mkono ni ushahidi unaotembea. Hukumu ilisomwa siku ambayo hakuambiwa.

Kuna wanaodhani haki za wahanga ni kitu kipya cha wanaharakati. Mwanamke mmoja wa Uingereza, Margery Fry, alitumia miaka yake ya mwisho akidai kwamba dola iwalipe fidia walioumizwa na wahalifu. Hoja yake haikuwa ngumu: kama dola imemkataza raia kujilipizia na kujilinda kwa silaha, imechukua mzigo wa kumlinda, na ikishindwa imfidie. Alifariki mwaka 1958 bila kuiona sheria. New Zealand ilipitisha ya kwanza mwaka 1963, Uingereza ikaanzisha mpango wake 1964. Tarehe 29 Novemba 1985 Umoja wa Mataifa ukatoa azimio lenye misingi ya haki kwa wahanga wa uhalifu: watendewe kwa utu, waambiwe maendeleo ya kesi, wafidiwe, wasaidiwe. Kuambiwa maendeleo ya kesi! Miaka arobaini sasa, na mwenzangu alisikia hukumu kutoka kwa jirani.

Mfuko ninaoupenda, kwa ugonjwa wangu wa hesabu, ni ule wa Marekani ulioundwa na sheria ya mwaka 1984. Fedha zake hazitoki kwenye kodi. Zinatoka kwenye faini za waliotiwa hatiani katika mahakama za shirikisho, kisha zinaenda kwenye fidia na huduma za wahanga. Ukiisoma mara ya kwanza unapiga makofi: mhalifu amlipe mhanga. Ukiisoma mara ya pili kama mhasibu unaona tatizo. Mapato yake ni ya kubahatisha. Mwaka wenye kampuni kubwa iliyopigwa faini nono mfuko unafura. Mwaka mwingine unanyong'onyea, wakati idadi ya waliobakwa na waliojeruhiwa haisubiri mwaka mzuri. Isitoshe, waendesha mashtaka walizidi kumalizana na kampuni kwa makubaliano nje ya hukumu, na fedha za makubaliano hayo zikawa zinaingia hazina kuu badala ya mfukoni mwa wahanga. Ilibidi sheria irekebishwe mwaka 2021 ili zirudi mahali pake. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu. Kila mhasibu ameshawahi kuona fedha zikipotelea kwenye mlango wa namna hiyo, na hakuna aliyeiba hata senti.

Mwenzangu alisikia habari za fidia miaka mitatu baada ya kukatwa. Mipango mingi ya namna hiyo ina ukomo wa muda wa kuomba, na inataka uwe uliripoti polisi mapema. Hakuna aliyemwambia: si aliyeandika maelezo yake, si daktari aliyemshona, si wakili wa serikali. Sasa amebandika karatasi kwenye ukuta wa jikoni la ofisi, kwa mwandiko wake, mkono ule uliopona vibaya, yenye maswali ya kuuliza siku ya kwanza: namba ya jalada, jina la mpelelezi, nani atanipigia, kuna fidia, mwisho wa kuomba lini. Hakuna aliyeibandua. Mimi niliongeza mstari chini: 116 000 kwa nchi nyingi za Ulaya, kwa watoto waliopotea, 116 kwa Kenya, Tanzania na Uganda, simu ya kumsaidia mtoto. Jueni ya mlipo.

Nyumbani kwetu, tarehe mosi ya kila mwezi, tunapiga picha. Ukuta mweupe, uso mbele, mara moja ukicheka na mara moja bila kucheka. Kitindamimba ana miaka tisa sasa na amegundua kwamba akifumba macho tunarudia, basi hufumba makusudi. Urefu naujua kwa sentimita. Binti yangu ndiye anayeandika nguo, kila tunaposafiri, kwenye simu yake, kabla hatujatoka mlangoni, na mimi sisemi neno. Namba yangu ya simu wanaijua wote watatu kwa wimbo mbaya sana nilioutunga mwenyewe.

Miezi mitatu baada ya siku ile nilirudi kituoni na zawadi ndogo ya yule dada. Alikuwa amehamishwa. Kaunta alikuwepo yule yule wa kwanza, na hakunikumbuka, nami sikumlaumu. Nikamwomba anionyeshe lile ingizo, maana nilihitaji namba yake kwa ajili ya mshauri niliyekuwa nimempata hatimaye. Akafunua kitabu kikubwa, akafuata mistari kwa kalamu, akanigeuzia.

Mtoto wa kiume, miaka 7. Amepotea kituo cha mabasi. Shati bluu. Urefu: kiunoni kwa mama. Pembeni, kwa wino mwingine na mwandiko mwingine: amepatikana, salama.

"Shati halikuwa la bluu," nikamwambia. "Lilikuwa la kijani."

Akanitazama, akatazama kitabu. "Lakini si alipatikana, mama?"

"Alipatikana."

"Basi," akasema, akaninakilia namba kwenye kipande cha karatasi, akaenda kumsikiliza mtu aliyekuwa nyuma yangu.